Jina Lililo Juu ya Chupa ni Ushahidi

Yatupasa tujiulize: mtu akitoa kitu asichokihakikisha, akasema ni safi, je, kutojua kwake ni udhuru?

Wataalamu huchukua kipande cha nyama ya mgonjwa, wakazitenga seli zilizo hai, wakazilea chupani ili wajaribie dawa. Mwaka 1951, huko Baltimore, Marekani, zilichukuliwa seli za saratani ya Henrietta Lacks bila ya idhini yake. Zikaitwa HeLa, nazo zina nguvu ya ajabu: zikiingia chupa nyingine kwa uzembe, huzishinda seli za humo zikaimiliki chupa.

Mwaka 1966 Stanley Gartler akawabainishia wenzake kwamba seli nyingi zilizodhaniwa kuwa za watu mbalimbali zilikuwa HeLa tupu. Walakini ziliendelea kutumiwa kwa majina yasiyo yake miaka mingi baadaye.

Twasema: aliyekosea kabla ya kujua ana udhuru. Ama aliyeonywa, naye asipime, huyo si asiyejua tena; ni shahidi wa uongo. Huenda akasema, “Kupima ni gharama.” Twamjibu: gharama hiyo atailipa mgonjwa, naye hakushauriwa. Dawa iliyojaribiwa juu ya seli za ini, kumbe si za ini, yatuambia nini juu ya ini?

Leo uchunguzi wa vinasaba waweza kuzitambua. Basi kutenga seli ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuthibitisha kilichotengwa, ndipo jina liandikwe.