Kazi ya Kuzika: Huruma au Biashara?

Katika katekismu tulijifunza matendo saba ya huruma ya kimwili, na moja kati yao ni kuzika wafu. Mzee Tobiti alilitenda kule Ninawi. Aliwazika ndugu zake waliouawa na mfalme, na malipo aliyoyapata ni kunyang'anywa mali yake yote na kukimbia. Hakuna aliyempa hata senti moja. Ndiyo maana Wakristu wengine wanatuuliza: Ikiwa kuzika ni tendo la huruma, je, ni halali mtu alifanye kuwa kazi ya kumpatia chakula? Seremala wa masanduku ya maiti, na mwenye gari la kuwapeleka wafu makaburini, hawali machozi ya watu?

Swali hili tulipime polepole. Wako wanaosema kwamba fundi wa masanduku anawaombea watu kifo ili apate kuuza. Sababu hiyo ni nyepesi. Mganga naye anakula kwa ajili ya ugonjwa, na mwenye kuezeka nyumba anakula kwa ajili ya mvua, wala hatuwaiti waovu. Mbao zina bei, misumari ina bei, na aliyekesha usiku akipiga randa ana watoto nyumbani. Tobiti alikuwa na mali kabla ya kutoa. Fundi wetu hana kitu ila mikono yake.

Ugumu uko mahali pengine: uko katika namna bei inavyokatwa. Mtu anayenunua mbuzi sokoni anamshika mgongo, anamtazama meno, anaondoka, anarudi tena. Mfiwa hawezi. Labda hajanunua sanduku tangu azaliwe. Jua ni kali, na maiti haingoji. Wajomba wamesimama nyuma yake wakisikiliza. Akisema, «Nionyeshe lile la bei ndogo», kesho itanenwa katika matanga kwamba hakumpenda baba yake. Na yule atakayelazwa ndani, ambaye pengine angelicheka kuona sanduku lenye vipini vya dhahabu ya uongo, hawezi kusema neno. Basi je, hayo ni mapatano ya biashara, au ni mtu mmoja anayesema na mwingine anayeinamisha kichwa?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliuliza katika Summa yake kama ni halali kuuza kitu kupita thamani yake. Jibu lake lina neno moja linalotufaa sana hapa. Anasema kwamba muuzaji akipata hasara kwa kuachana na kitu chake, anaweza kuihesabu hasara hiyo katika bei. Lakini kama mnunuzi ndiye mwenye shida kubwa, na muuzaji hapotezi kitu, basi muuzaji hana ruhusa ya kupandisha bei kwa sababu ya shida ile. Kwa nini? Kwa sababu shida ile si mali yake, na mtu hauzi kisicho chake. Tuone vizuri maana yake kwa fundi wa masanduku. Mbao ni zake, jasho ni lake, auze. Huzuni ya mfiwa si yake. Akiitia katika bei, ameuza mali ya mwingine, tena amemwuzia mwenyewe!

Basi sheria ya dhamiri tunayo. Lakini nani anamzuia muuzaji asiivunje? Tutazame historia ya kazi hii katika inchi ya Marekani, ambapo imekuwa biashara kubwa sana.

Zamani kule pia maiti alioshwa nyumbani na watu wa jamaa, na sanduku lilichongwa na seremala yuleyule aliyechonga meza na vitanda. Mwenye farasi wa kukodisha alileta gari. Polepole seremala huyo, au mwenye farasi, akawa mzikaji wa mji. Kisha kukawa vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861-1865, na madaktari wakaanza kutia dawa katika mishipa ya askari waliokufa, wasioze wakirudishwa kwao. Mwaka 1865 maiti ya Rais Abraham Lincoln ilitiwa dawa hiyo, ikasafirishwa kwa gari la moshi kutoka Washington mpaka Springfield, na watu wengi sana wakaitazama njiani. Toka hapo kazi ilitaka chumba, vyombo na masomo. Zikazaliwa nyumba za mazishi, na nyingi zilikuwa za jamaa: baba, halafu mwana, halafu mjukuu, na jina moja juu ya mlango.

Katika mji mdogo jina hilo lilikuwa kizuizi chenye nguvu. Mzikaji aliyekuzidishia bei siku ya Jumanne atakutana nawe Jumapili. Watoto wenu wanasoma pamoja. Tena anajua kwamba siku moja mtamhitaji kwa mama yenu, nanyi mnaweza kwenda kwa mwingine. Hatusemi kwamba wazikaji wote wa zamani walikuwa watakatifu. Tunasema tu kwamba walikaa mahali walipoonekana.

Baadaye zikaja kompani kubwa. Moja, Service Corporation International, ilianzishwa Houston mwaka 1962. Nyingine, Loewen, ilitoka Kanada, na mwenyewe Ray Loewen alikuwa mtoto wa mzikaji wa mji mdogo wa Steinbach. Kwa hiyo tusidhani kwamba hao wakubwa walitoka mbali na kazi. Kompani hizo zilinunua nyumba za jamaa kwa mamia. Lakini mara nyingi hazikubadili jina juu ya mlango. Mwenye mali alikuwa mgeni wa mbali, na jina likabaki la yule mzee ambaye mji wote ulimjua.

Je, huo ni uongo? Mwanasheria atasema hapana, kwa maana jina nalo liliuzwa, na karatasi zimetiwa sahihi. Sisi tunaona kwamba jambo si jepesi hivyo. Mjane anayepita chini ya jina lile haingii kwa ajili ya herufi. Anaingia kwa kuwa anaamini kwamba ndani yumo mtu anayeona haya mbele yake. Kama haya ile imekwisha ondoka, na jina limeachwa makusudi ili asijue, amedanganywa katika jambo lenyewe alilolitegemea, hata kama hakuna mdomo uliotamka uongo.

Hapo ndipo tunapofika kwa jamaa ya O'Keefe wa Biloxi, mji wa pwani ya Mississippi wenye watu wapata elfu 50. Mwenye nyumba hizo za mazishi, Jeremiah O'Keefe, alikuwa rubani wa ndege katika vita vya pili vya dunia, tena meya wa mji tangu 1973 mpaka 1981. Alifanya mapatano na kompani ya Loewen mwaka 1991, kisha akaishtaki kwamba haikuyatimiza. Mwaka 1995, katika mji wa Jackson, raia walioketi kuamua kesi waliihukumu Loewen ilipe dolari milioni 500. Ili kukata rufaa ilitakiwa kuweka rehani ya milioni 625. Haikuweza, Januari 1996 ikakubali kulipa milioni 175, na mwaka 1999 ikafilisika.

Watu wengi walishangilia kama kwa Daudi na Goliati. Sisi tunashangilia kwa kiasi. Waamuzi wa kimataifa walioliangalia shauri hilo mwaka 2003 walikataa madai ya Loewen, lakini waliukemea vikali mwendo wa kesi yenyewe ya Mississippi. Tena tusisahau: wauzaji wawili walikuwa wanagombana juu ya mapatano yao. Wafiwa hawakuwa washtaki.

Wafiwa walisaidiwa kwa njia nyingine, ndogo na isiyo na kelele. Mwaka 1963 mwandishi Jessica Mitford alitoa kitabu juu ya gharama za mazishi, na watu wakaanza kuuliza. Mwaka 1984 serikali ya Marekani ikaweka sheria: mzikaji atoe karatasi ya bei, kitu kimoja kimoja, anayeuliza kwa simu ajibiwe, wala asimwambie mtu kwamba sheria inamlazimisha kutia maiti dawa, ikiwa hailazimishi. Ukimwondoa jirani, sharti ulete karatasi.

Na kwetu Kongo? Masanduku yamepangwa kando ya barabara, na fundi bado anaonekana. Lakini iko mahali ambapo maiti inazuiliwa katika nyumba ya maiti mpaka deni la hospitali limalizike. Torati ilikataza kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu ni kutwaa uzima wa mtu. Tuseme nini juu ya kumtwaa mtu mwenyewe, asiyeweza hata kujikomboa? Deni ni la haki na lilipwe. Lakini maiti si mbuzi wa kufungwa kwenye mti.

Sisi wenyewe pia tunajiumiza kwa matanga ya siku nyingi, vitenge vya sare na bia za kukopa. Mtakatifu Agustino, akimwandikia askofu Paulino wa Nola, alieleza kwamba fahari ya mazishi ni faraja ya walio hai, si msaada kwa aliyekufa. Hakuidharau, aliipa kipimo chake.

Katika jumuiya nyingine ndogo za parokia tumeona desturi ya kufaa. Kila nyumba inaweka kidogo kila mwezi, na siku ya msiba mfiwa hatumwi sokoni. Wanakwenda wawili wasio wa jamaa, mmoja wao akijua mbao. Wanauliza bei kwa mafundi watatu, hawana haraka, wala hakuna mjomba nyuma yao. Na fundi akiwaona hao wawili wenye macho makavu anawaletea kiti, anataja bei, na mara nyingi si ile aliyomtajia mjane asubuhi.