Somo la 8: Maadamu ni Mchana

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Yohana 9:1–7, Kutoka 4:10, 11, Marko 7:31–37, Marko 2:1–12, 2 Samweli 4:4, 2 Samweli 9:1–13.

Fungu la kukariri: Yohana 9:4. Lisome katika Biblia yako kila asubuhi juma hili, mpaka uweze kulisema bila kufungua kitabu.

Jirani na soko la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, iko kata inayoitwa Mchafukoge. Ukilikata jina hilo vipande viwili unapata amri: mchafu, koge! Kila nipitapo pale namkumbuka mtu wa Yohana 9, aliyezaliwa kipofu. Yesu alimpaka tope machoni, kisha akamtuma aende kunawa katika birika la Siloamu. Akaenda, akanawa, akarudi anaona.

Mtu yule alikuwa mtu mzima. Juma hili tunajifunza juu ya watoto wadogo wenye ulemavu, wale ambao bado wako mgongoni mwa mama zao. Je, kanisa lina kazi gani kwao kabla hawajafika umri wa kwenda shule? Na kwa nini kazi hiyo haiwezi kungoja?

*Jifunze somo hili pamoja na darasa lako kwa ajili ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI: Swali Lisilo na Dawa

Soma Yohana 9:1–3 na Kutoka 4:10, 11. Wanafunzi walitaka kujua nini? Yesu aliwajibuje?

Wanafunzi walimwona kipofu, wakaanzisha mjadala: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Swali hilo lingali hai mitaani kwetu, ila limebadilishwa nguo. Mtoto akizaliwa na kichwa kikubwa, au akichelewa kukaa, majirani huuliza mama alikula nini, alimkosea nani, ukoo upi una mkosi. Hata kanisani wako wanaouliza kwa sauti ya chini.

Tunaamini kwamba magonjwa na mateso yote yaliingia duniani kwa sababu ya dhambi. Lakini Yesu alikataa katakata kumbebesha mtoto huyu au wazazi hawa hatia hiyo. Alipoongea na Musa, Mungu alijitaja kuwa ndiye Muumba wa kinywa cha mwanadamu, na hata bubu, kiziwi na kipofu hawako nje ya mikono yake.

Swali la "nani amekosa" lina ubaya mwingine: linakula muda. Mama anayeogopa jibu lake humficha mtoto chumbani, na mtoto aliyefichwa hapati msaada.

Je, umewahi kusema neno lililomfanya mzazi amfiche mtoto wake?

JUMATATU: Mchana wa Mtoto ni Mfupi

Soma Yohana 9:4. Kwa nini Yesu alitaja mchana na usiku mara tu baada ya kukataa lile swali?

Yesu aliyaelekeza macho ya wanafunzi kwenye kazi, na kazi hiyo aliiwekea saa. Tazama jinsi saa hiyo inavyokwenda katika mwili wa mtoto.

Mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda kwa ndani, akipelekwa hospitali katika majuma yake ya kwanza, mguu hunyooshwa kidogo kidogo kwa plasta ngumu, ile watu wanayoiita hogo, inayobadilishwa kila juma. Mifupa yake bado ni laini. Akingoja miaka, kazi huwa ngumu zaidi. Mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho anahitaji upasuaji mapema, kwa sababu ubongo hujifunza kuona katika miezi ya mwanzo. Ukikosa mwanga wakati ule, jicho likisafishwa baadaye huenda ubongo usijue kulitumia. Mwenye kichwa kikubwa anahitaji upasuaji kabla maji hayajaukandamiza ubongo. Mwenye mtindio wa ubongo akifanyishwa mazoezi na kukalishwa vizuri tangu akiwa mchanga, viungo havikakamai upesi.

Huo ndio mchana wao. Sala ni ya kila saa, lakini sala haipaswi kuwa sababu ya kuahirisha safari ya kliniki. Mtu wa Siloamu aliguswa na Yesu mwenyewe, na bado alitumwa aende.

JUMANNE: Yesu Aliongea kwa Mikono

Soma Marko 7:31–37. Orodhesha matendo yote ambayo Yesu alifanya kabla ya kutamka neno.

Alimtenga kiziwi yule na makutano. Akatia vidole masikioni mwake, akamgusa ulimi, akatazama mbinguni, akaugua. Kwa nini hatua zote hizi, kwake yeye awezaye kuponya kwa neno moja? Mtu yule hakusikia maneno, lakini aliona. Kabla ya kumfungua masikio, Yesu aliongea naye kwa lugha aliyoweza kuielewa.

Sina budi kuungama jambo hapa. Miaka iliyopita, mama mmoja anayeuza mboga sokoni alinifuata baada ya Shule ya Sabato, mtoto wake wa kiume akiwa na miaka miwili. "Mwalimu," akasema, "huyu nikimwita hageuki." Nikamjibu, "Usihofu, mama. Wavulana huchelewa kusema. Tutamwombea." Tukamwombea. Baadaye ndugu mmoja akasema ni pepo bubu, tukafunga na kuomba tena. Miaka miwili ikapita. Alipopimwa, ilionekana kwamba hasikii tangu kuzaliwa.

Mtoto yule alikuwa na miaka minne na hakuwa na lugha yoyote, ya mdomo wala ya mikono. Hakujua kwamba vitu vina majina. Hakujua kwamba yeye mwenyewe ana jina. Miaka ambayo watoto wengine huokota maneno kama kuku aokotavyo punje, yeye aliimaliza kimya, na mimi ndiye niliyemwambia mama yake asihofu.

Je, kuna mahali ambapo maneno yako ya kufariji yamemchelewesha mtu kupata msaada?

JUMATANO: Wanne na Godoro

Soma Marko 2:1–12. Yesu aliiona imani ya nani?

Biblia inasema aliiona imani yao. Wale wanne hawakuwa waganga. Kazi yao ilikuwa kubeba, na walipozuiwa mlangoni walipanda juu ya dari. Mzazi wa mtoto mwenye ulemavu mara nyingi anabeba peke yake, tena kwa daladala, huku kondakta akilalamika.

Ni wapi pa kumpeleka? Wataalamu wa miguu kifundo, macho na midomo sungura wapo hospitali ya CCBRT, Msasani. Taasisi ya Mifupa ya MOI, pale Muhimbili, hupasua watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. Tangu mwaka 2017, Muhimbili imekuwa ikipandikiza vifaa vya kusaidia kusikia kwa watoto viziwi. Kwa upande wa elimu, Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, humo humo wilayani Ilala, ina wanafunzi wasioona na wenye ulemavu wa akili wanaosoma katika shule moja na wenzao. Buguruni ina shule ya watoto viziwi. Ndugu zetu wa Jeshi la Wokovu wana shule ya Matumaini, Kurasini, kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma. Mzazi haendi kuomba hisani.

Kwa hiyo mlango upo. Kinachokosekana mara nyingi ni watu wanne: mmoja wa kukaa na watoto wengine nyumbani, mmoja wa kutoa nauli, mmoja wa kulinda biashara siku ya kliniki, na mmoja wa kwenda naye na kuuliza maswali ambayo mama anaogopa kuuliza.

ALHAMISI: Mezani pa Mfalme

Soma 2 Samweli 4:4 na 2 Samweli 9:1–13. Mefiboshethi alipata ulemavu akiwa na umri gani? Daudi alimfanyia nini?

Alikuwa na miaka mitano. Mlezi wake alikimbia naye kwa hofu, akamwangusha. Kisha mtoto akakulia Lo-debari, mbali na nyumba ya kifalme, mpaka Daudi alipouliza habari za ukoo wa Sauli na kutuma watu wakamlete. Miguu yake haikuponywa. Alipewa kiti, na akala mezani pa mfalme siku zote.

Darasa letu la Chekechea ni meza ya namna hiyo. Mtoto mwenye usonji, anayepiga kelele tukiimba, ana kiti pale? Mtoto wa kiti cha magurudumu anaweza kuufikia mlango bila kubebwa kama mzigo?

Yule mtoto wa mama wa mboga aliandikishwa shule ya viziwi, akajifunza alama, na leo ni kijana. Sabato moja alikuja kanisani, mzee wa kanisa akatuita katika sala. Nilichelewa kidogo kufumba macho, ndipo nikamwona: mikono yake ilikuwa ikienda upesi kifuani pake na juu. Alikuwa anaomba. Kanisa zima lilikuwa limefumba macho, na hakuna aliyemjibu amina.

Baada ya ibada nilimwomba mama yake anifundishe alama ya amina. Nilikuwa mwanafunzi wake wa kwanza hapo kanisani.

IJUMAA: Tafakari Zaidi

Katika kitabu Tumaini la Vizazi Vyote, Ellen White ana sura nzima juu ya Yesu akiwabariki watoto. Isome ukimweka mtoto mwenye ulemavu mbele ya macho yako, na mama yake akisubiri kuona kama wanafunzi watamzuia.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika mtaa wenu, watu husema nini mtoto akizaliwa na ulemavu? Yohana 9:3 inayajibuje maneno hayo?

2. Kuna tofauti gani kati ya imani inayongoja na imani inayobeba? Toeni mifano ya nyumbani kwenu.

3. Kadi ya kliniki humsaidia mama kufuatilia ukuaji wa mtoto. Idara ya watoto na ile ya afya zinaweza kufanya nini ili mtoto asiyegeuka aitwapo, asiyekaa au asiyetazama agunduliwe kabla ya mwaka wake wa kwanza kuisha?

4. Kabla ya kuondoka, tajeni familia moja mnayoijua. Nani atakwenda juma hili, na siku gani? Andikeni siku hiyo, maana usiku waja.