Fidia ya Nyumba Iliyoungua ni Amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, darsa yetu mara hii yahusu jambo ambalo wengi watalidhani kuwa ni la maofisini wala si la msikitini, nalo ni fidia ya bima aidaiyo mtu nyumba yake inapoungua. Lakini dini yetu haikuacha mlango wowote wa mali ila iliuwekea kizingiti cha haki.

Kisa kilichotufanya tuandike ni hiki. Tulikwenda Machakos kumpa pole jamaa yetu mmoja, mtu wa pwani aliyehamia huko zamani. Machakos si ugenini kwetu. Misafara ya wazee wetu ilipita nchi ya Ukambani kabla Nairobi haijawa mji. Siku moja ya Ramadhani, mkewe aliteleka karai la mafuta juu ya jiko la gesi ili akaange viazi vya futari. Akaitwa mlangoni. Aliporudi, mafuta yawaka. Kijana mmoja wa nyumbani, kwa kutojua, akachota maji akayamwagia. Moto ukaruka hadi darini. Kikaungua chumba cha kupikia, na sebule, na sehemu ya paa. Alhamdulillahi, hakufa mtu.

Nyumba ile ilikuwa na bima ya takaful. Mwenyewe alitukalisha faragha, akatuambia: "Sheikh, jirani yangu anishauri niandike kuwa moto ulitoka katika waya za umeme, kwani nikisema karai liliachwa peke yake nitanyimwa. Tena aniambia niongeze friji na mazulia katika orodha, kwani wale ni matajiri, hawataona upungufu. Nami, wallahi, sipendi jina la mke wangu liandikwe katika karatasi za watu."

Tulimjibu kwanza kwa upande wa mkataba. Jirani yule alikosea. Kwa kawaida bima ya moto huwekwa kwa ajili ya misiba kama hii hii, na kughafilika kwa mwanadamu jikoni ni katika misiba hiyo. Kinachoondoa haki ya fidia ni mtu kuichoma nyumba yake kwa kusudi, au kusema uwongo katika madai yake. Basi uwongo alioambiwa utamwokoa ndio ambao ungemwangamiza. Mkaguzi wa hasara akija hutazama moto ulianzia wapi, na majivu yana ulimi.

Kisha tukamjibu kwa upande wa dini, na hapa ndipo penye shina la maneno yetu. Mali ile ni ya nani? Jirani alisema ni ya matajiri. Hasha! Katika takaful, kila mshiriki hutoa mchango wake kwa nia ya kujitolea, michango ikakusanywa katika mfuko mmoja, na atakayefikwa na msiba akasaidiwa kutoka humo. Kampuni husimamia mfuko kwa ujira unaojulikana. Mfuko wenyewe si wake. Humo mna fungu la mwalimu, na la mwenye duka, na la mjane aliyejibana. Aongezaye zulia moja katika orodha hakumwibia tajiri. Amemwibia mwenziwe atakayeunguliwa kesho.

Wala asije mtu akasema: "Basi kampuni isiyokuwa ya Kiislamu yafaa kudanganywa." Haifai. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kutimiza ahadi, wala hakubagua ahadi ya Mwislamu na ya asiyekuwa Mwislamu. Na Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta chini yake pamerowa, alimkana mwenye kughushi.

Ama hukumu ya bima yenyewe, si swali la jana. Ibn Abidin wa Damascus, aliyekufa 1836, aliijadili bima ya vyombo vya baharini, wala hakuikubali. Sheikh Mustafa al-Zarqa akaja baadaye na kuona yajuzu. Mwezi wa Desemba 1985, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa liliamua huko Jeddah kwamba bima ya biashara yenye malipo maalumu haijuzu, kwa kuwa ndani yake mna gharari kubwa, yaani mtu kununua asichokijua. Na kwamba bima ya ushirikiano, iliyojengwa juu ya kujitolea na kusaidiana, yajuzu. Kampuni ya kwanza ya namna hiyo ilianza Sudan 1979. Kwetu Kenya ilianza 2011, nayo ni Takaful Insurance of Africa. Na asili ya kusaidiana ni kongwe kuliko makampuni yote: Maashari walipopungukiwa na chakula walikusanya walivyo navyo katika nguo moja wakagawana sawasawa, na Mtume akawasifu.

Tuurudie msiba wa Machakos. Tulipokuwa tungali twasema, mke mwenyewe alisema nyuma ya pazia: "Andikeni kuwa ni mimi niliyeliacha karai. Nyumba imekwisha kuungua. Sitaki na amana yetu iungue." Tukanyamaza, kwani alikuwa ametushinda kwa hoja.

Mume akaandika kweli. Mkaguzi akaja, akauliza, akapima. Fidia ikatoka, lakini ilikuwa pungufu ya hasara, na sababu yake wengi hawaijui. Miaka ya nyuma, ili mchango wake uwe mdogo, aliandika thamani ya nyumba chini ya ilivyo. Mfano: nyumba ya shilingi 4,000,000 ikiandikwa kuwa ni ya 2,000,000, kisha ikapata hasara ya 1,000,000, huenda ukalipwa 500,000 tu, kwa kuwa uliikinga nusu. Hapo watu hulia kuwa wamedhulumiwa, kumbe mizani ni ile waliyoishika wao wenyewe.

Basi ndugu zetu, yatupasa kuyashika haya. Usome mkataba kabla ya msiba. Uandike thamani ya kweli. Orodha ya vyombo vyako na stakabadhi zake ziwe na nakala nje ya nyumba. Ukifikwa, arifu upesi, piga picha, wala usitupe vilivyoungua kabla mkaguzi hajaviona. Andika kilichokuwako, usiandike ulichokitamani.

Na kabla ya yote, linda moto wako. Nyumba iliungua Madina usiku juu ya watu wake. Mtume alipoambiwa, alitufundisha kuwa moto ni adui yetu, na kwamba tuuzime tulalapo. Usiache karai motoni. Likiwaka, zima jiko ikiwa waweza kulifikia bila ya hatari, ulifunike kwa kifuniko, wala usilisogeze. Maji usiyatie kabisa: huzama chini ya mafuta, yakageuka mvuke mara moja, yakayarusha mafuta yanayowaka. Ukiona moto umekushinda, watoe watu na vyombo viache. Kutawakali si kuacha ngamia bila ya kamba.

Limebaki neno moja, nalo latuuma. Tukiambiwa arusi, mchango hutimia kwa siku chache. Tukiambiwa fulani ameunguliwa, twaenda kumpa pole, twanywa chai, twarudi makwetu. Je, watu wa mtaa mmoja washindwa kuweka mfuko wao, wakautia mikononi mwa waaminifu, hesabu yake ikasomwa hadharani? Asiyekuwa na bima yoyote ni nani atakayemwezekea paa lake, ikiwa si sisi?

Twamwomba Mola atukinge na moto wa dunia na wa akhera, na atujaalie wakweli katika faida na katika hasara. Wabillahi tawfiq.