Filamu Fupi na Filamu Ndefu

Wapenda senema wana ubishi usiokwisha. Filamu huonyeshwa kwanza katika majumba ya senema. Kisha, baada ya miaka, hutolewa tena ikiwa imerefushwa kwa vipande vilivyoachwa. Ipi basi ndiyo filamu yenyewe? Wengi hujibu upesi kwamba ni ile ndefu, maana ndiyo aliyoitaka mtengenezaji. Twaona jibu hilo ni jepesi mno. Mara nyingi vipande hivyo viliachwa kwa kuwa vilichosha, na kuvirudisha ni njia ya kuuza bidhaa ile ile mara ya pili.

Lakini pengine kipande kilichoachwa hubeba hukumu nzima. Tutwae mfano wa “Amadeus”, filamu ya Milos Forman. Ilipotoka mwaka 1984 ilichukua kama dakika 160, ikapata tuzo 8 za Oscar. Mwaka 2002 ilirudi na dakika 180. Salieri mzee, aliyefungiwa katika nyumba ya wenda wazimu mjini Vienna, amsimulia padre kijana jinsi alivyomwonea wivu Mozart hata akamwangamiza. Katika filamu fupi Constanze, mke wa Mozart, amletea kwa siri maandishi ya muziki wa mumewe, akimwomba amsaidie mumewe kupata kazi. Salieri ayasoma, aduwaa, aondoka bila jibu. Kisha atupa msalaba motoni. Mwishoni Constanze amkuta nyumbani mwake, amekesha akimwandikia mgonjwa muziki. Amtaka atoke, na kuongeza kwamba asikitika hawana mtumishi wa kumsindikiza mlangoni. Mtazamaji hushangaa: ya nini ukali huo?

Filamu ndefu yajibu. Salieri alikuwa amemwambia arudi usiku, peke yake, na mwanamke alifahamu bei ya msaada huo. Kwa ajili ya mumewe alirudi, akavua nguo. Ndipo Salieri akapiga kengele, akamwita mtumishi amtoe nje.

Je, waliokiacha kipande hicho walisema uongo? La. Filamu ya saa tatu huogopesha wenye majumba ya senema, na hofu hiyo ina haki yake. Hata hivyo kwa miaka 18 Salieri alihurumiwa kupita kiasi, naye mwanamke aliyedhulumiwa alionekana mwenye kinyongo bure. Sisi tulio mapadre hatuwezi kumsahau yule padre aliyeketi mbele ya mzee. Katika filamu fupi asikia maungamo ambamo makosa juu ya Mungu na juu ya Mozart yatajwa kwa ufasaha mwingi, ila aibu aliyotendewa mwanamke haimo.

Kwa hiyo twachagua filamu ndefu, ingawa fupi yaenda kwa mwendo mzuri zaidi. Twaichagua kwa shaka moja. Salieri wa kweli, aliyefariki mwaka 1825, hana ushahidi wo wote wa kumwua Mozart. Tena Constanze mwenyewe alikubali mwanawe Franz Xaver afundishwe naye muziki. Kipande kilichomrudishia mwanamke wa filamu haki yake kimembandika marehemu tendo ambalo hakuna ajuaye kuwa alilitenda.