Achimbaye Hadi Mwambani
(Luka 6:46–49)



Katika mfano huu mjenzi alichimba, akaenda chini, ndipo akaweka msingi. Kazi hiyo mpita njia haioni.

Wapo vijana wa Mbeya na Iringa walio ng'ambo wakisomea shahada ya pili ya uhandisi wa udongo na miamba. Nasi nyumbani twanung'unika: "Mbona hawarudi? Mbona hawatumi fedha?" Sisi tuliofundisha miaka mingi twajua kwamba mwanafunzi anayeharakishwa hujibu asichokielewa. Tukumbuke TAZARA. Kati ya Mlimba na Makambako milima ilitobolewa mahandaki 18. Na mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi ya reli. Mlima hautaki pupa.

Nanyi mlioko masomoni, udongo wa majivu ya volkeno wa Rungwe si udongo wa Ulaya. Chukueni maarifa, kisha mje mpime wa kwetu.

Ndivyo ilivyo imani. Ya wazazi haitoshi. Kila mmoja achimbe mwenyewe. Tuwaombee vijana hawa kwa majina, tusiwaharakishe. Mafuriko yatakuja, yatukute tumefika mwambani. Amina.