Mtoro Akifika Mlangoni Pako
Maandiko: Kumbukumbu la Torati 23:15-16, Filemoni 1:10-19



Njia ya misafara ya Mombasa ilipita hapa kwetu: Maungu, Sagalla, Bura, mpaka Taveta. Zama hizo watu waliuzwa, na wengine walitoroka. Waliitwa watoro, na wengi wakakimbilia misheni ya Rabai. Mabwana zao wakawafuata kudai "mali" yao. Mwaka 1888 kampuni ya Waingereza ikakubali kuwalipa mabwana hao, na mwanzoni mwa 1889 watoro karibu 1,400 wakapewa hati za uhuru.

Hebu fikiria! Jana jina lako linatafutwa ukamatwe. Leo jina lilelile liko kwenye hati ya uhuru, na aliyelipa si wewe. Huo ndio wokovu, jameni! Haleluya!

Lakini Torati haingoji hata malipo. Aliyekimbilia kwako usimrudishe, akae anapopenda. Haiulizi ana deni gani.

Najua mtu ataniuliza, "Mchungaji, si Paulo alimrudisha Onesimo?" Ndiyo, alimrudisha. Lakini alimpa barua: apokelewe kama ndugu, si mtumwa tena, na deni lake aandikiwe Paulo. Wewe unayemrudisha mtu mikono mitupu, usijifiche nyuma ya Paulo.

Nasema haya kwa sababu binti zetu wako Ghuba. Kule Saudia, mwajiri akiripoti kwamba mfanyakazi ametoroka, binti anaweza kukamatwa, hata kama alikimbia kipigo. Anapiga simu usiku, analia. Sisi tunamjibu nini? "Vumilia mwanangu, mkataba ni miaka miwili, na nyumba bado haijaezekwa." Wapendwa, hapo sisi ndio tunaomrudisha kwa bwana wake.

Wiki hii binti akipiga, msikilize mpaka amalize. Muulize yuko wapi, na pasipoti anayo nani. Andika. Fikisha habari ubalozi wa Kenya, Riyadh. Halafu tuambie wazee wa kanisa, tuombe na tusaidiane.

Na akishuka stesheni ya Voi bila sanduku, asiulizwe ameleta nini. Kama ameacha deni la wakala, tuketi pamoja tulitazame, kama Paulo. Mwambie jirani yako: mtoro akifika, tutamfungulia.

Ameni.