Mama Bado Anasema Mimi ni Mwalimu



Baada ya Misa ya pili hapa Bunda, kijana mmoja wa kwaya alinifuata. "Frateri, nina kitu, sijui kama ni dhambi." Nikamwambia mimi si padre bado, siungamishi. Akasema sawa, nisikilize tu.

Alisomea ualimu chuo kikuu, Kiswahili na Historia, miaka mitatu. Ajira akaisubiri wee, haikuja. Akajifunza kompyuta mwenyewe, kwa simu na bando la usiku. Leo anatengeneza mashine za watu na kuwaandikia wenye maduka programu za kuhesabu stoo. Anakula, anasaidia wadogo zake. Shida ni mama yake, anayeuza dagaa Mwigobero, Musoma. Alimsomesha kwa dagaa hao, na mpaka leo anawaambia wenzake sokoni, "Mwanangu ni mwalimu huko Bunda." Kijana hajawahi kumsahihisha. "Frateri, hela yake nimeitupa?"

Nikaomba nione kazi yake kwanza. Nilimkuta dukani anamwelekeza mama mmoja ambaye hajawahi kushika kompyuta. Mama akikosea, anarudia taratibu, kwa mifano ya magunia ya mchele. Huo kama si ualimu, ni nini? (Na kwenye skrini nikaona "kama hivi, basi vile": mantiki ileile iliyonitoa jasho mwaka wa kwanza wa falsafa!)

Nikamkumbusha jirani yetu wa Butiama. Nyerere alisomea ualimu Makerere, akafundisha Tabora na Pugu, na mwaka 1955 akaacha kazi hiyo kwa ajili ya siasa. Darasa aliliacha, jina la Mwalimu likamfuata mpaka kaburini. Nabii Amosi naye alikuwa mchunga mifugo na mtunza mikuyu. Unabii hakuusomea, Mungu akamtuma hivyohivyo.

Ila sikumwacha hapo. Kubadili kazi si dhambi, lakini kumwacha mama aamini kisicho kweli miaka miwili? Amri ya nne inatutaka tumheshimu, na sidhani unamheshimu mtu unayeona hawezi kuubeba ukweli.

Jumamosi tukapanda basi la Musoma pamoja. Mama alisikiliza huku anachambua dagaa, kimya. Halafu akauliza, "Hiyo kompyuta yako inaweza kunihesabia wanaonidai na ninaowadai?"

Kijana akavuta ndoo, akaketi, wakaanza na mdeni wa kwanza.